Naenda kusoma Ujerumani: kazi ya muda itanitosha?

Kijana wa Kirumba:
Habari zenu wakuu. Nimepata nafasi ya masta Leipzig, Ujerumani, naanza Oktoba. Mama anauza dagaa pale Mwaloni, yeye na wajomba ndio wanaonichangia. Kila mtu ananiambia nikifika nipige kazi, nitajilipia mwenyewe. Kuna wakala hapa mjini anataka laki tano anitafutie kazi kabla sijaondoka. Mliosoma huko, kazi zinapatikana kweli? Zinatosha kuishi? Na huyu wakala nimlipe?

Dada wa Malimbe:
Hongera sana mdogo wangu. Nianze na la mwisho: usimpe huyo wakala hata mia. Kazi za wanafunzi unaomba ukiwa huko huko, mwajiri akuone, msaini mkataba. Aliyeko mjini Mwanza hana cha kukuuzia.

Nimesoma Ujerumani na nimefanya kazi huku nasoma. Sheria inakuruhusu siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Kabla ya Machi 2024 zilikuwa 120 na 240. Kazi za usaidizi chuoni, za maabara au maktaba, hazihesabiwi humo, ndiyo maana zinagombaniwa. Kima cha chini tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa.

Ukipiga hesabu hiyo ukiwa Kirumba utaona neema tupu. Ila miezi ya mwanzo usiweke hata senti kwenye bajeti. Unaanza kwa kuandikisha makazi ofisi ya jiji, kisha namba ya kodi inakuja kwa barua. Bandika jina lako kwenye kisanduku cha barua siku hiyo hiyo unayokabidhiwa ufunguo. Mleta barua asipoliona anaondoka nayo, na bila ile namba mwajiri anakukata kodi ya daraja la juu kabisa. Nimeona watu wakihangaikia hilo.

Mimi nilianzia jikoni, kantini ya chuo. Trei zinakuja kwenye mkanda, unakwangua mabaki, unapanga sahani kwenye kreti, unasukuma mashineni, mvuke wote usoni. Msimamizi anatoa maelekezo kwa Kijerumani cha haraka, hana muda wa kurudia. Waliokielewa ndio waliopandishwa kaunta na kuongezewa saa.

Sasa pesa. Kwa viza utatakiwa kuonyesha euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti maalumu inayokufungulia 992 kila mwezi, labda uwe na ufadhili au mdhamini. Ni zaidi ya milioni 30 zetu. Hiyo ndiyo ya kula, kodi ya chumba na bima. Mshahara uwe nyongeza tu. Na nakuomba sana, mama asiguse mtaji wa dagaa kwa ahadi kwamba utamrudishia Desemba. Hiyo Desemba utakuwa bado unatafuta kazi, na mitihani inakaribia.

Mtu wa Igoma:
Naongezea kwa wanaofikiria Uingereza. Mwanafunzi wa shahada kwa kawaida anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kujiajiri marufuku, na kusambaza chakula kwa baiskeli kupitia programu za simu mara nyingi kunahesabiwa ni kujiajiri. Watu wanaingia wakidhani ni kama bodaboda, wanahatarisha viza. Someni masharti yenu wenyewe, msitegemee ya kuambiwa.

Kijana wa Kirumba:
Asante sana dada, asante mkuu. Mama nimemsomea yote, kasema wakala tumwache. Swali moja: masomo yangu ni ya Kiingereza, Kijerumani sijui kitu. Nianze huku au nisubiri nifike?

Dada wa Malimbe:
Anza leo. Msalimie mama, kaamua vizuri. Ile laki tano iingie kwenye Kijerumani. Taasisi ya Goethe iko Dar, waulize kama wana masomo ya mtandaoni. Kabla ya sarufi nzito, shika namba, saa, siku za wiki na majina ya vyombo vya jikoni, maana ratiba ya zamu inabandikwa ukutani na hakuna wa kukutafsiria. Ukifika kabla masomo hayajapamba moto, nenda kantini mwenyewe, uulize kama wanahitaji mtu. Wasifu wako wa Kijerumani ukiuandika, uweke hapa nikusahihishie.