Wapi naweza kula vizuri mchana maeneo ya Posta bila kuumia mfukoni?

Kijana wa Posta (mleta uzi)
Wakuu, habari za mchana. Naomba ushauri, wenye matusi piteni pembeni.
Nafanya kazi Posta hapa Dar, karibu na Mtaa wa Samora. Natafuta sehemu ya kula mchana yenye hadhi kidogo: meza, feni, sabuni ya kunawia, na nisivuke 4,000 pamoja na maji. Migahawa yenye viti vya maana, wali kuku mmoja unamaliza hela ya kula wiki nzima. Nina saa moja tu. Isiwe vichochoro vya nyuma kuelekea Kivukoni, huko sipendelei. Upande wa Sanamu ya Askari ingekuwa vizuri zaidi.

Kijiko cha Mbao
Ngoja waje wenye jiji lao. Nimekaa siti ya mbele na sahani yangu.

Mzaramo Halisi
4,000 na feni juu? Mkuu, hiyo feni unailipia wewe. Mgahawa una pango la mjini, umeme, wahudumu, na VAT asilimia 18 kama umesajiliwa. Mama ntilie ana jiko la mkaa, masufuria na mdogo wake wa kuosha vyombo. Ndiyo maana wali maharage unaupata kwa 2,000, na mchicha anakuongezea kama amekuzoea. Nenda kwa mama ntilie, acha mambo ya feni.

Dada wa Kisutu
Msimkatishe tamaa. Mdogo wangu, tembea mpaka Kisutu, mtaa ule wenye mahekalu ya Wahindi. Kuna vijihoteli vya wasiokula nyama, unapata chapati na dengu, bhajia, kachori, viazi vya rojo, na unakaa kwenye kiti. Nyama hutaikumbuka mpaka jioni. Na jioni kuna kuku wa mkaa pale Mtaa wa Libya unapokutana na Barabara ya Morogoro, ila huyo mngoje siku ya mshahara.

Baharia Mstaafu
Vijana wa siku hizi mnaulizia feni! Sisi tulikuwa tunateremka Feri asubuhi, unanunua fungu la vibua, unampelekea mkaangaji palepale, unalipa hela ya kukaangiwa, unatafuta ugali na ndimu. Upepo wa bahari bure. Mke wangu nilimpatia Feri, alikuwa anamfokea mnadi kwa kumpunja pweza. Nikajua huyu nyumba yangu haitaibiwa.

Kijiko cha Mbao
Mzee umeoa mnadani 😂

Kijana wa Posta
Asanteni wote. Feri haiwezekani, nitarudi ofisini nanuka samaki. Kisutu nitaenda kuangalia.

Mama Wawili
Kaka, mimi pia nipo Samora. Hivyo vichochoro unavyovikataa ndiko tunakokula wote. Wali samaki 3,500, tui la nazi limekolea, hotipoti zimefunikwa. Uliumwa tumbo au?

Kijana wa Posta
Ni usafi tu dada. Kila mtu na mapendeleo yake.

Mama Wawili
Usafi wa nani? Jiko likiwa chafu tutajie lilipo tulikwepe. Kichochoro kizima hakiwezi kuwa kichafu.

Mzaramo Halisi
Mleta uzi, kuna kitu unakificha. Funguka ushauriwe.

Kijana wa Posta
Sawa. Kuna mama mmoja nilikuwa nakula kwake kwa daftari. Mshahara ukachelewa, deni limefika 86,000. Sasa akiniona ananiita "mwanangu!" kwa sauti mpaka mabosi wanageuka. Siku hizi natokea mlango wa maegesho.
Sijamkimbia, mnielewe. Nitalipa. Ila na yeye ana mambo yake: kuna siku nilikula maharage, kwenye daftari imeandikwa kuku. Nikimlipa haraka si nitakuwa nimekubali hesabu yake? Nimeona bora nihamie kwingine kwanza, hasira zipoe, ndipo tukae tuhesabu.

Dada wa Kisutu
Hasira za nani, za kwako au zake? Wewe ndiye umeshiba.

Mama Wawili
86,000 ni zaidi ya kilo ishirini na tano za mchele. Huyo mama kila alfajiri ananunua mchele kwa hela ya mauzo ya jana, wewe ya jana umeondoka nayo. Na kuku mmoja wa kubishania haifuti sahani nyingine zote. Mkatie huyo kuku, lipa zilizobaki, hata kwa mafungu.

Mpelelezi wa Jukwaa
Hii ni chai, tena ya maziwa. Mama ntilie gani wa Posta anakopesha mpaka 86,000? Wangu wa Kariakoo likifika 10,000 anafunga daftari na ubwabwa hupati. Isitoshe, mwezi uliopita mleta uzi huyuhuyu aliuliza bei ya kuagiza Crown kutoka Japani. Bajeti milioni 18. Leo anatafuta wali wa 4,000?

Kijiko cha Mbao
Crown ndiyo imekula wali.

Kijana wa Posta
Ile nilikuwa namuulizia shemeji.

Mzaramo Halisi
Kila Crown humu ndani ni ya shemeji. Na inakunywa mafuta, mwambie ajipange.

Mpelelezi wa Jukwaa
Inategemea injini. Ya 2500 ukiiendesha kistaarabu haina shida.

Baharia Mstaafu
Mnaongelea magari, mtu ana njaa. Kijana, Ijumaa nenda Kariakoo ukale pilau. Kwa mguu unapita Mnazi Mmoja na saa yako moja inatosha, ila wahi kabla watu hawajatoka msikitini. Baada ya hapo unakuta ukoko.

Mama Wawili
Shemeji mwenye milioni 18 akuazime 86,000 basi.

Kijana wa Posta
Nimeshasema nitalipa tarehe 25, naomba tusirudi huko. Dada wa Kisutu, hao wa chapati na dengu wanaandikisha?

Dada wa Kisutu
Ninakokula mimi hawaandikishi. Unalipa dirishani kwanza, unapewa kikaratasi, ndipo unapakuliwa.