Tupeane uzoefu: Bunduki ya marisau geji 16, bado ina kazi hapa Mombasa?

Mkwaju_wa_Kizingo (mwanzisha mada)
Waungwana, salaam aleikum. Geji 12 twaijua sote, na 20 nayo ina wapenzi wake. Hii mada ni ya 16, zile zilizolala kabatini tangu enzi za wazee. Tupeane yanayopimika: chemba (pale risasi inapokaa), uzito, risasi, kinachoharibika. Hadithi za babu na nyati tuziache barazani. Uwindaji wa michezo umefungwa tangu 1977, hapa twazungumzia visahani vya udongo, shabaha zinazorushwa hewani.

Kwa mgeni: namba ya geji ni idadi ya goroli za madini ya risasi, zenye upana wa mtutu, zinazotimiza ratili moja. Kwa hiyo goroli ya 16 ina wakia moja kamili, gramu 28 na ushei. Mtutu wake ni milimita 16.8, katikati ya 18.5 za geji 12 na 15.6 za geji 20.

Fundi_wa_Makupa
Kwanza jua inakula nini. Geji 16 nyingi za kabla ya vita vya pili zina chemba ya milimita 65, na risasi nyingi za leo ni 70. Hapa ndipo watu wanapoponzeka. Hiyo 70 ni urefu wa ganda likishafyatuliwa, mdomo wake umekunjuka. Likiwa zima, mdomo umekunjwa, lina kama 58 tu, kwa hivyo laingia chemba ya 65 bila kugoma na bunduki yafunga vizuri. Ukifyatua, mdomo wakunjukia pale chemba inapojibana kuingia mtutu, njia yawa finyu, presha yapanda. Huenda usione kitu siku hiyo. Bawaba ndiyo inayolegea kidogo kidogo, mpaka ukiinua bunduki juani waona uzi wa mwanga kati ya mitutu na bodi, ile sehemu ya chuma inayobeba kifyatulio.

Ifungue utazame upande wa chini wa mitutu, karibu na chemba. Za Kijerumani huandikwa 16/65 au 16/70. Za Kiingereza 2½ au 2¾ kwa inchi. Hakuna alama? Fundi mwenye leseni aingize kipimo cha chemba, kazi ya dakika mbili. Akikwambia ataichonga ifike 70, chukua bunduki yako uondoke. Chuma anachokula kiko palepale penye presha kubwa, na bunduki iliyochongwa hivyo yapaswa kurudi nyumba ya majaribio, panapopimwa kama bunduki yahimili presha, kama ile ya London au ya Birmingham, kabla ya kupigwa tena.

Bin_Likoni
Ami fundi, kwani za 65 hazitengenezwi tena?

Fundi_wa_Makupa
Zatengenezwa Ulaya, mwanangu. Na ya 65 yapigika kwenye chemba ya 70 bila taabu. Kinyume chake ndicho kibaya.

Kisahani_Juu
Utamu wa 16 ni wepesi wake. Mafundi wa Uingereza wana kanuni ya zamani: bunduki iwe na uzito mara 96 wa marisau yake. Gramu 28 mara 96 ni kilo 2.7 hivi, na 16 iliyojengwa kwa bodi yake yenyewe hukaribia hapo. Tatizo, viwanda kadhaa vilitia mitutu ya 16 kwenye bodi ya 12. Hiyo yabeba uzito wa 12 na shida ya risasi ya 16. Iweke kwenye mizani. Ikipita kilo 3.2, kwangu haina sababu ya kuitunza.

Halafu ijaribu kwenye karatasi. Mita 36, piga, chora duara la sentimita 76 pale palipojaa zaidi, hesabu matundu. Gramu 28 za marisau ya ukubwa wa namba 7½ ni takriban punje 350. Choki ya kati, yaani mbano wa wastani mdomoni mwa mtutu, yatarajiwa kuingiza asilimia 60, yaani 210. Kisha chukua kisahani chenyewe, kina milimita 110, ukitembeze juu ya karatasi. Kikikaa mahali bila kufunika tundu hata moja, hapo ndipo kitakapopita kizima.

Mashindano ya kimataifa ya trapu na skiti, michezo ya kulenga visahani, yana kikomo cha gramu 24, na geji yoyote isiyo pana kuliko 12 yaruhusiwa. Wamarekani kwenye skiti yao wana madaraja ya 12, 20, 28 na .410. Hii yetu haikupewa daraja, na hilo limechangia kuizika. Nisiwafiche: 12 yenye gramu 24 ina punje sawa na 16 yenye gramu 24, na risasi zake zapatikana.

Bolti_Kavu
Wenye Browning Sweet Sixteen, ile geji 16 inayojipakia yenyewe iliyotoka 1937: za mwanzo nazo ni za chemba fupi. Ukitia 70, ganda lililofyatuliwa lakwama kwenye dirisha la kutokea. Pili, fungua kishikio cha mbele utazame pete za msuguano, zinazopunguza kasi ya mtutu unaporudi nyuma. Pete ya chuma ikiwa upande usiofaa, risasi nzito hugonga bodi na kitako hupasuka. Na mafuta: bomba la kuwekea risasi, pale pete zinapoteleza, lipate utando tu, pangusa kwa kitambaa mpaka kidole kisiloane. Likimwagikiwa, msuguano wapotea. Likikauka, risasi nyepesi haimalizi mzunguko.

Mkwaju_wa_Kizingo
Nongeze la ununuzi. Cheti chako chataja silaha na idadi ya risasi unazoruhusiwa, basi huwezi kujaza stoo ya miaka mitano. Katoni ni 250, pakiti kumi za 25. Wenye 16 watatu wanne wakiagiza pamoja kwa muuzaji mmoja mwenye leseni, kila mtu kwa cheti chake, huenda akakubali kuleta. Ukiwa peke yako, utasubiri sana.

Fundi_wa_Makupa
Na chumvi, jamani. Sanduku la ngozi lanyonya unyevu. Bunduki isilale humo, hasa masika. Plastiki ya wadi, kile kikombe kinachobeba marisau ndani ya risasi, yaganda mtutuni na kutu yamea chini yake, kwa hiyo brashi ya shaba kwanza, mafuta baadaye. Risasi zikiwa na ukijani kwenye shaba ya kitako, au ganda la karatasi limevimba likakataa kuingia, usilisukume kwa gumba. Litenge, ulirudishe kwa muuzaji.

Bin_Likoni
Ya kwangu ni 16/70, kilo 2.8. Kesho naingia mitaani kutafuta wenzangu watatu.