Gumzo la ukoo: mkandarasi wa viyoyozi na vipasha joto

Kitindamimba: Shikamooni wazazi wangu, na ndugu zangu wengine hamjambo. Mfumo wetu wa kupooza na kupasha joto nyumba umechoka: kompresa inanguruma, inakata, kisha inajaribu tena, na msimu wa baridi uliopita vyumba vya nyuma havikupata joto la maana. Tumewaita wakandarasi watatu. Wa kwanza alitaja bei kwa simu bila kufika. Wa pili alifika, akasoma kibati cha mashine ya zamani, akasema atatufungia nyingine ya ukubwa uleule. Wa tatu alizunguka na futi, akapima madirisha yote, akapanda darini, na bei yake ndiyo ya juu kuliko zote. Mume wangu anaona kwamba huyo anatuzungusha ili atoze zaidi. Naomba kila aliyewahi kuajiri mtu wa kazi hii atueleze yaliyompata.

Kaka Mkubwa: Mdogo wangu, kabla ya kuzungumzia bei, mwombe huyo wa tatu akupe kwa maandishi hesabu yake ya ukubwa wa mashine unaohitajika. Mtu aliyepima kweli hasiti kuionyesha.

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Mimi naegemea upande wa aliyepima, na nina sababu. Nyumba tuliyokaa awali ilifungiwa mashine kwa mtindo wa huyo wa pili wako: mkandarasi alitupia macho sebule, akashauri tuchukue ya tani mbili ili tusije tukajuta. Uwezo wa mashine hizi huhesabiwa kwa BTU, kipimo cha joto, kwa saa, na tani moja ni BTU 12,000, yaani takribani kilowati 3.5 za kupooza. Chumba kile hakikuhitaji hata nusu ya alichotuuzia. Mashine ikawa inawaka, inapiga baridi kali kwa dakika chache, inafikia nyuzijoto tulizoweka, inazima kabla haijapata muda wa kuondoa unyevu hewani. Hewa ilikuwa baridi na nzito kwa wakati mmoja, nguo za kabatini zikashika ukungu, na mama yenu mdogo akawa anaamka kifua kimembana. Kiyoyozi kina kazi mbili, kushusha joto na kukausha hewa, na hiyo ya pili inataka koili ya ndani, yaani bomba lililojikunja ambamo gesi ya kupozea hupita, ikae baridi muda mrefu hadi maji yajikusanye juu yake na kutiririka. Tena hiyo ndiyo kazi iliyoanza: mfumo aliousanifu Willis Carrier mwaka 1902, ambao wengi huuhesabu kuwa mwanzo wa kiyoyozi cha kisasa, ulikuwa wa kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn ambako unyevu ulikuwa ukiharibu karatasi.

Kitindamimba: Ahsante Baba Mdogo. Huyo wa pili anadai kwamba mashine za siku hizi za inveta hujipunguza zenyewe, hivyo ukubwa si hoja tena.

Mjomba: Ni kweli zinajipunguza, lakini kila moja ina kiwango cha chini ambacho haiwezi kushuka zaidi. Ukifunga kubwa kupita kiasi, hata inveta itaishia kuwaka na kuzima. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na mkandarasi anayekuuzia nusu ya ukweli kabla hujamlipa hanipi matumaini.

Shangazi: Marahaba wanangu wote. Yaliyonipata mimi ni ya gesi. Kila msimu wa joto ulipoingia, mashine ya chumbani kwangu ilikuwa haipoozi, na fundi niliyekuwa nikimwita alikuwa na jibu moja tu, kwamba gesi imepungua. Alifunga geji zake, akajaza, akachukua fedha, nami nikapata baridi hadi msimu mwingine, bila yeye kutafuta hata mara moja mahali gesi inapotokea. Gesi ya kupozea haiungui ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Niliyajua hayo kutoka kwa fundi mwingine, kijana mtulivu, ambaye alipoichomoa mashine ya ndani ukutani alinionyesha nati inayounganisha mabomba. Ilikuwa na doa la mafuta lililonasa vumbi jeusi, kwa sababu gesi inapovuja hutoka pamoja na mafuta ya kompresa. Akapaka maji ya sabuni, tukasubiri, na mapovu madogo yakaanza kuchomoza kwenye ukingo mmoja wa nati hiyo. Aliiondoa gesi iliyobaki kwa kuivutia kwenye mtungi badala ya kuiachia hewani, akakata ncha ya bomba iliyopasuka, akaipanua upya, akakaza nati kwa spana yenye kipimo, kisha akajaza gesi juu ya mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibati. Tangu siku hiyo sijamwita mtu kujaza gesi. Kwa hiyo fundi yeyote akiniambia imepungua, namuuliza inavujia wapi, na asiyekuwa na jibu simruhusu kufungua mtungi wake.

Kaka Mkubwa: Umenikumbusha jambo, Shangazi. Mdogo wangu, umesema kompresa inanguruma kisha inakata. Je, kuna yeyote aliyepima kapasita? Kapasita ikidhoofika, kompresa hukosa nguvu ya kuanza, nayo hulalamika hivyohivyo. Ni kifaa cha bei ndogo, na kimewafanya watu wengi waambiwe kwamba kompresa yao imekufa.

Kitindamimba: Wa tatu aliipima, Kaka. Nilisimama karibu naye. Ubavuni mwa kapasita pameandikwa mikrofaradi 45, na kipimo chake kikasoma 31. Alituambia waziwazi kwamba tukitaka atabadilisha hiyo pekee na mashine itawaka, lakini koili ya nje imeoza, inavuja mahali pengi, na gesi yake ya kupozea ni ile ya R-22 inayoondolewa sokoni.

Baba Mdogo: Basi mtu huyo amejitetea mwenyewe. Angekuwa na njaa ya kuuza, asingekutajia kwamba kifaa kidogo kingewasha mashine.

Wifi: Shikamooni. Wifi yangu, sisi huku ambako baridi ni kali tunatumia tanuri la gesi, nami nataka kuwasemea mafundi wema, maana kikundi kikianza kuhesabu walaghai hakimalizi. Fundi aliyekuja kwa ukaguzi wa kabla ya baridi aliniambia kwamba chumba cha chuma kinachotenganisha moto na hewa tunayovuta kimepata ufa, na kwamba hatawasha tena tanuri lile. Nilijua kwamba maneno hayo hutumiwa pia kumtisha mteja ili anunue mfumo mpya, kwa hiyo nilimwomba anionyeshe. Hakukasirika. Aliingiza kamera ndogo yenye waya, akanipa kioo chake nishike mwenyewe, na ufa ulionekana kwenye kona, mweusi, umepinda. Hatari yake ni kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi na huua watu wakiwa usingizini. Alifunga gesi, akaandika taarifa, akatuachia hita za umeme za kushikilia hadi kazi ikamilike. Tukafunga na kengele za kutambua hewa hiyo karibu na vyumba vya kulala, na ninamsihi kila mwenye moto wa gesi, kuni au mafuta ndani ya nyumba afunge.

Shangazi: Mungu amlinde kijana huyo. Ndiyo maana mimi nikimpata fundi wa namna hiyo simwachi, wala sihangaiki kukusanya makadirio ya bei kwa watu wengine.

Baba Mdogo: Hapo tunatofautiana, dada yangu. Kwa matengenezo ya kila mwaka, sawa, baki na mmoja anayeijua mashine yako. Kwa kufunga mfumo mzima, ambao utakaa nao labda miaka 15, ni lazima walau watatu waione nyumba, kwa kuwa makadirio ya pili na ya tatu ndiyo yanayofichua alichokiruka wa kwanza.

Shangazi: Nakubali kwa mfumo mzima. Kwa matengenezo sitakubali.

Kitindamimba: Kuna suala la gesi ambalo sijalielewa. Wa kwanza anatoa mashine ya R-410A kwa bei nafuu, wa tatu anataka R-32. Je, inanihusu mimi mwenye nyumba?

Kaka Mkubwa: Inakuhusu kwa sababu ya vipuri na gesi ya miaka ijayo. R-22 inaharibu tabaka la ozoni, kwa hiyo Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 na marekebisho yake iliiwekea ukomo: nchi zilizoendelea mwaka 2020, na nchi zinazoendelea zinatakiwa kuimaliza mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. R-410A haigusi ozoni lakini inapasha joto dunia takribani mara 2,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi, na R-32 ni mara 675 hivi. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yanazibana gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua, na kwa kuwa kiasi huhesabiwa kwa ukali wa gesi, zilizo kali ndizo zinazobanwa zaidi. Mashine ya R-410A inayouzwa kwa bei ya kutupa huenda ni ya kumaliza ghala. Fahamu pia kwamba R-32 inaweza kushika moto, ingawa kwa shida, hivyo anayeifunga lazima awe amefunzwa kuishughulikia. Usiruhusu kamwe mtu akuchanganyie gesi mpya kwenye mashine ya R-22.

Mjomba: Nami niongeze yanayotokea siku ya kufunga, kwa kuwa hapo ndipo mashine nzuri huharibiwa. Mabomba yakishaunganishwa, yajazwe nitrojeni kwa shinikizo na yaachwe, ili ionekane kama sindano ya geji inashuka. Kisha pampu ya vakyumu ivute hewa na unyevu hadi mikroni 500 (hapa ni kipimo cha shinikizo la hewa iliyobaki ndani) au chini yake, na baada ya pampu kuzimwa kipimo kisipande haraka. Nimemshuhudia mkandarasi akiruka yote hayo kwa kufungua valvu kidogo na kuiacha gesi yenyewe isukume hewa nje kwa sekunde chache, akijisifu kwamba ni njia ya haraka. Unyevu unaobaki ndani hukutana na mafuta ya kompresa na kuzaa asidi, nayo hula kompresa taratibu. Mashine ikija kufa, waranti haimtambui mwenye nyumba kwa kuwa ufungaji haukufuata maelekezo ya mtengenezaji. Siku hiyo uwe nyumbani, na omba kupiga picha kipimo cha vakyumu.

Wifi: Wifi, na vyumba vya nyuma je? Mashine mpya itavifikishia joto?

Kitindamimba: Hesabu ya wa tatu imeingia sasa hivi, nimemaliza kuisoma pamoja na mume wangu. Ameambatanisha picha za darini. Mfereji wa hewa unaokwenda vyumba vya nyuma umechomoka kwenye kiungio chake, na mwingine umepasuka, kwa hiyo joto tulilokuwa tukililipia lilikuwa likiishia darini kwa panya na popo. Hesabu inaonyesha pia kwamba madirisha ya upande wa magharibi ndiyo yanayoingiza joto kubwa zaidi, na kwamba tukiyawekea kivuli na kuongeza kihami joto darini tutatosheka na mashine ndogo kuliko ya zamani. Bei yake ni ya juu kwa sababu ina mifereji hiyo ndani yake. Wale wawili hawakuitaja kabisa, wala hawakupanda kuiona.

Baba Mdogo: Kwa hiyo wale wawili wangekufungia mashine mpya na vyumba vya nyuma vingebaki na baridi ileile. Mkwe anasemaje?

Kitindamimba: Picha zimemtosha. Anachosisitiza sasa ni malipo, asitoe yote mwanzoni.

Shangazi: Ana haki kabisa. Kianzio kiwe cha vifaa tu, na sehemu kubwa ibaki hadi kazi ijaribiwe. Na mkataba utaje namba ya modeli ya mashine, maana jirani yangu aliahidiwa moja akafungiwa nyingine.

Mjomba: Uandikwe pia ni nani atakayeisajili waranti kwa mtengenezaji, na kwamba mashine ya zamani itaondolewa na gesi yake kukusanywa mtungini.

Kitindamimba: Nimeyaandika yote, pamoja na kipimo cha vakyumu na mtiririko wa hewa katika kila chumba. Nitamtumia leo jioni, na mume wangu ameomba sehemu ya mwisho ilipwe baada ya vyumba vya nyuma kupimwa kwa kipimajoto mfumo ukiwa umewashwa saa kadhaa, milango ikiwa imefungwa.