Seva ya ofisi: Debian, FreeBSD au OpenBSD? (Matusi hapana)

Kitunguu_Saumu: Wakuu, nina kompyuta mbili za mezani zilizolala stoo. Moja nataka iwe seva ya mafaili kwa watu sita, ya pili ikae mlangoni kwenye intaneti. Debian, moja ya Linux, naifahamu miaka mingi. Shida ni kijana mmoja hapa kazini, kutwa ananihubiria FreeBSD, mfumo wa ukoo wa BSD kama OpenBSD, si Linux. Kwake Linux yote ni "uchafu". Naomba ulinganisho wa waliozitumia, si mahubiri.

fundi_diski: Kwa mafaili, tofauti ni ndogo kuliko anavyokuambia. Utamu wa FreeBSD ni kwamba ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda mafaili kwenye diski, imo humo humo: unachagua diski wakati wa kusakinisha, unarudi kwenye chai yako. Debian inaiingiza kama moduli ya pembeni, inayojengwa upya kila kerneli (kiini cha mfumo) ikibadilika, maana leseni yake ya CDDL na GPL ya Linux haziivi chungu kimoja. Ila msimbo ni ule ule. Tangu FreeBSD 13 ya 2021, pande zote mbili zinachota OpenZFS moja. Mtu wa Linux akiziba tundu, huyo kijana wako naye analala salama.

arch_damu: Weka Arch. Mengine porojo.

fundi_diski: Linux inayosasishwa kila kukicha, kwenye seva ya ofisi, mkuu? Watu wana mishahara humo.

Bi_Terminali: Mlangoni weka OpenBSD. Sheria zote za PF, kichujio chao cha mtandao (firewall), zinakaa kwenye faili moja, /etc/pf.conf, na kurasa zao za mwongozo unazielewa bila kwenda kuuliza intaneti. FreeBSD nao wana PF, waliichukua huko huko, ingawa siku hizi sheria haziandikwi sawasawa, kwa hiyo usinakili faili zima zima.

Halafu wale mnaoicheka OpenBSD, fungueni Ubuntu 24.04 muandike `ssh -V`, ile programu ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Mtaona OpenSSH_9.6p1. Ile p inaonyesha ni toleo lililoandaliwa kwa mifumo mingine. OpenSSH yenyewe asili yake ni OpenBSD, tangu 1999. Mtu anaitukana huku ameingia kwenye seva kwa ssh! Ni kumsengenya jirani huku unakula kwenye sahani uliyoazima kwake.

Babu_Kerneli: Ugomvi wa leseni hautaisha leo, dada. GPL inasema ukibadilisha na kugawa, toa na msimbo. BSD inasema chukua, acha jina langu tu. Mimi ni wa GPL mpaka kaburini, lakini ssh yao naitumia kila siku.

bsd_damdam: Bosi, shikamoo. Nimekuona.

Kijana ni mimi. "Uchafu" nalifuta. Nilichomaanisha ni mpangilio: FreeBSD mfumo wa msingi unakuja mzima kutoka kwa timu moja, programu za ziada zinakaa /usr/local, hazichanganyiki. Hilo nalisimamia.

Ila niseme ukweli. Kadi ya waifai ya laptopu yangu ilinishinda, nikaweka wifibox. Hiyo ni mashine pepe ndogo, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, inayoendeshwa na bhyve ya FreeBSD, ndani yake kuna Alpine Linux. Ndiyo inayoishika kadi na kunipitishia mtandao. Yaani Linux ninayoitukana ndiyo inanipa intaneti ya kuitukania. Na draiva ya skrini, drm-kmod, nayo imetolewa kwenye kerneli ya Linux.

Bi_Terminali: 😂😂 Umekiri mwenyewe.

Babu_Kerneli: Huyu mpandishe cheo.

Kitunguu_Saumu: Marahaba. Basi sikiliza: mafaili FreeBSD, na ikizima usiku wewe ndiye utakayepigiwa simu. Mlangoni OpenBSD. Kompyuta ya mhasibu inabaki na Debian yake, printa imekubali baada ya wiki mbili za kubembelezana, usiiguse kabisa. Jumatatu njoo na flashi mbili.

bsd_damdam: Nina moja, bosi. Ina Debian.