Ratiba ya kukimbia alfajiri hufa wiki ya tatu, tatizo nini?

Wakuu, mtu anayeanza kukimbia kila siku saa 11 alfajiri apangeje ili asiishie njiani?

JIBU 1: Kila siku ni nyingi mno. Moyo na pumzi huzoea upesi, lakini kano na mifupa ya miguu huchukua miezi, ndiyo maana miundi huanza kuuma. Weka siku 3: Jumatatu, Jumatano, Jumamosi. Dakika 20 tu: kimbia 1, tembea 2, rudia. Kasi iwe ya kuweza kutamka sentensi nzima. Maneno yakikatika, punguza.

JIBU 2: Naunga mkono, ila usingizi ndio unaoua ratiba nyingi. Kuamka saa 11 kunadai uwe umelala saa 4 usiku. Simu ikae mbali na kitanda, raba na nguo ziandaliwe mapema.

MUULIZAJI: Shukrani. Mvua ikinyesha je?

JIBU 1: Chuchumaa na kuinuka mara 20 humo humo ndani, seti 3. Ukikosa kabisa, tafadhali usifidie kwa kukimbia mara mbili kesho yake, majeraha huingilia hapo. Subiri siku inayofuata ya ratiba.