Timu ya taifa ni ya Muungano, lakini mchujo wake hauvuki bahari

Assalamu alaykum wanajukwaa. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo sitaificha, kwa sababu jambo lenyewe linawahusu vijana ninaowafundisha mbio hapa Chake Chake, na hujirudia vilevile kila yanapokaribia mashindano makubwa ya kimataifa. Safari hii taarifa ya mchujo ilitufikia Alkhamisi jioni, tena kwa ujumbe wa simu uliopita mikononi mwa watu kadhaa, ukiwataka wakimbiaji wote wawepo Dar es Salaam Jumamosi asubuhi. Anayeishi Pemba anajua maana yake: ufike Mkoani upate meli ya kwenda Unguja, utafute jamaa wa kukulaza, kisha upande boti ya Dar, na nauli yote hiyo aitoe mzazi ambaye ni mvuvi au mchuma karafuu. Hakuna hata kijana wetu mmoja aliyewahi. Nilipopiga simu kulalamika nilijibiwa kwamba tangazo lilikuwa wazi kwa Watanzania wote, na jibu hilo ndilo lililonifanya niandike.

Nianze na lile ambalo najua litaletwa hapa kama hoja ya kunizima. Sidai Zanzibar ipeleke timu yake kwenye Olimpiki. Mkataba wa Olimpiki unaitambua kamati moja tu kwa kila taifa huru, na kwa hiyo kijana wa Wete hana mlango mwingine wa kuingilia isipokuwa ule wa Tanzania. Hata katika soka, ambako tuna shirikisho letu na tuliwahi kutwaa Kombe la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, mwaka 1995, uanachama kamili wa CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, tuliopewa Machi 2017 ulifutwa Julai ya mwaka huohuo. Basi ikiwa mlango ni mmoja, aliyekabidhiwa ufunguo ana wajibu mkubwa zaidi wa kuhakikisha kila mwenye haki anafika mlangoni, na hawezi kujitetea kwamba michezo si jambo la Muungano. Ni kweli haimo katika orodha ya mambo ya Muungano, na tunalo Baraza letu la Taifa la Michezo, lakini jezi inayovaliwa Paris au Los Angeles imeandikwa Tanzania.

Wengi hawaelewi jinsi nafasi za Olimpiki zinavyopatikana, na ndiyo maana wanadhani kijana wa Visiwani hateuliwi kwa sababu hana uwezo. Paris 2024 tulipeleka wanamichezo 7: wakimbiaji 4 wa marathoni, waogeleaji 2 na mcheza judo 1. Katika riadha, nchi ambayo haina mwanamume au mwanamke aliyefuzu hupewa nafasi ya upendeleo, yaani ya kumpeleka mkimbiaji asiyefikia kiwango. Sisi kwa kuwa tulikuwa na wanaume na wanawake waliofuzu marathoni, nafasi hiyo haikuwepo. Mwanamume wa mbio za mita 100 alitakiwa akimbie kwa sekunde 10.00 au akusanye pointi za kutosha za viwango vya dunia, na pointi hizo hupatikana katika mashindano yanayotambuliwa, mengi yakiwa nje ya nchi. Judo ni hivyohivyo. Mchezo huu umekita mizizi Unguja tangu Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alipoanza kuwafundisha vijana wetu, lakini hata ukiwaangusha wote unaofanya nao mazoezi hupati pointi yoyote mpaka upelekwe kwenye mashindano ya Afrika na ya dunia katika kipindi cha kufuzu, ambacho huchukua takriban miaka 2. Asiyesafirishwa hafuzu, na anayeamua nani asafirishwe ndiye anayeamua nani afuzu, hata kabla ya siku ya mchujo.

Ndiyo maana Michezo ya Jumuiya ya Madola ina thamani kubwa kwetu, kwa kuwa huko uamuzi wa chama cha nyumbani una uzito zaidi. Glasgow 2026, itakayoanza Julai 23, ina michezo 10 tu, na riadha, judo na ndondi zimo. Tukumbuke kwamba Birmingham 2022 Tanzania ilirudi na medali 3: fedha ya Alphonce Simbu katika marathoni, na shaba 2 za mabondia Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe. Nampongeza Simbu kwa moyo wangu wote, kama nilivyompongeza alipokuwa bingwa wa dunia Tokyo mwaka 2025. Ugomvi wangu si na Bara wala na wanamichezo wake. Lakini tazameni hizo shaba. Ndondi zilipigwa marufuku Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 na zimeruhusiwa tena juzi tu, chini ya Rais Hussein Mwinyi, yaani mchezo unaoliletea taifa medali ulifungwa kwetu kwa zaidi ya nusu karne. Vijana waliocheleweshwa kiasi hicho wanahitaji kufuatwa walipo, wapewe makocha na mapambano, na badala yake wanatumiwa ujumbe Alkhamisi kwa ajili ya Jumamosi.

Baada ya Glasgow inakuja Dakar, Olimpiki ya Vijana, mara ya kwanza kwa mashindano ya Olimpiki kufanyika katika ardhi ya Afrika, Oktoba 31 hadi Novemba 13, 2026. Hayo ni mashindano ya watoto walioko skuli sasa hivi. Nataka kusikia, kutoka kwa yeyote mwenye dhamana anayesoma hapa, ni mwalimu gani wa skuli ya Micheweni au Makunduchi aliyekwisha kuelezwa masharti ya uteuzi.

Tunachotaka kinatekelezeka. Masharti ya kila mchezo yaandikwe na yatangazwe miezi kadhaa kabla, kwa barua inayofika katika kila wilaya ya Unguja na Pemba. Awamu moja ya mchujo ifanyike uwanja wa Amaan, Unguja, na nyingine uwanja wa Gombani, Pemba, mbele ya waamuzi haohao wa Bara. Na orodha ya waliojaribiwa, pamoja na muda na matokeo yao, ibandikwe hadharani kabla timu haijatajwa.