MJADALA: Kumpiga picha mtu barabarani bila kumwomba, ni sanaa au dharau?

Mleta mada, Mbeya
Wakuu, juzi asubuhi nilikuwa Kabwe, hapa hapa mjini, ukungu bado umeufunika mlima Loleza. Mama mmoja anapanga ndizi za Tukuyu, nyuma yake dereva wa lori, Mzambia, anabishana bei ya viazi na kijana wa Kikinga, pembeni mzee wa Kihindi anasubiri bajaji. Watu wote wa mji huu kwenye fremu moja! Nikabonyeza. Mama akaniona, akanijia juu: futa. Nikafuta, lakini mpaka leo roho inaniuma.

Ukiomba ruhusa kwanza, mtu anaacha kazi, anajifunga kitenge upya, anasimama wima kama anapigwa pasipoti. Picha imekufa. Mimi nasema kinachoonekana barabarani ni cha wote. Mpiga picha Philip-Lorca diCorcia alimnasa mzee mmoja Times Square, New York, bila mwenyewe kujua, akaiuza picha kama kazi ya sanaa. Mzee akashtaki, na mwaka 2006 mahakama ikampa ushindi mpiga picha. Sisi tunaogopa nini?

Mwenye genge, Mwanjelwa
Mwanangu, kupigwa picha siyo shida yangu. Kuna kijana alinipiga nimeinama napuliza jiko. Binti yangu ndiye akaja kunionyesha kwenye simu, chini wameandika "mama akipambana na umaskini". Umaskini gani? Nina nyumba Iyunga, na watoto watatu wamesoma kwa genge hilihili. Wiki nzima wateja wananipa pole, wakiwemo ambao mimi ndiye ninayewakopesha! Jiko lilikuwa linafuka kwa sababu mkaa ulikuwa mbichi, basi.

Bodaboda, Uyole
Mzungu akishuka na lenzi ndefu tunapozi bure na kumwita rafiki. Akija Mtanzania mwenzetu tunataka elfu mbili. Na hilo mlijadili.

Mwanafunzi wa sheria, Iringa
Mleta mada, hukumu ya New York haina nguvu Kabwe. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, na ibara ya 18 inakupa wewe uhuru wa kutoa maoni na habari. Zinavutana hapo. Halafu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Sura ya mtu anayetambulika siyo kitu cha kuchezea. Kubaki nayo kwenye simu yako ni jambo moja, kuiuza kwenye kalenda ni jambo jingine.

Fundi picha wa zamani, Miyomboni
Kamwene. Nimepiga picha enzi za filamu ya picha 36. Huwezi kupoteza hata moja, kwa hiyo tulikuwa tunazungumza na mtu kwanza. Kijana, hilo la ruhusa kuua picha si kweli. Mtu hujipanga dakika mbili tatu, halafu wateja wanakuja, anakusahau. Tatizo lenu mkishapewa ruhusa mnabonyeza mara kumi na kuondoka. Mimi nilikuwa naagiza chai. Kikombe cha pili kikiisha, hapo ndipo kazi inaanza.

Jambo jingine. Angalieni picha za enzi za Mjerumani: mara nyingi bwana mkubwa ana jina na cheo chake, waliobeba mizigo wameandikwa "wapagazi". Sasa "mama akipambana na umaskini" ina tofauti gani na hiyo?

Mleta mada
Mzee, hapo kwenye chai umenishinda, nakiri. Kwenye ruhusa bado nabisha kidogo: Mzambia na yule mzee wa Kihindi ningewaomba saa ngapi, na lori limeshawashwa? Mama wa Mwanjelwa, na wewe ningekuomba, ungekubali?

Mwenye genge, Mwanjelwa
Inategemea umekuja saa ngapi. Alfajiri tunaposhusha mzigo usinisemeshe kabisa. Njoo saa nane, ununue ndizi, upige unavyotaka, hata nikiwa nimeinama. Ila chini yake andika jina langu, yote matatu.